Nyuzi na Mdundo: besi kavu bila ampi, itasikika kweli?

Mwezi huu barua ni za besi tupu. Sijui nani kawatia hamu lakini nimefurahi, manake kawaida kila anaeniandikia ataka kupiga solo, na bendi za huku pwani zina masolo wa kutosha, mpiga besi ndio hutafutwa mpaka dakika ya mwisho. Nimechukua barua tano, zengine zingoje.

*

Fundi, assalam aleikum. Naishi ghorofa ya tatu hapa Majengo na kazi yangu ni ya shifti bandarini, kwa hio wakati wangu wa kupiga ni usiku tu. Sijawahi kushika ala yoyote ila tangu niko mdogo nikienda harusini kitu cha kwanza masikio yangu hushika ni besi, hata mwimbaji simsikii. Nimeona kuna hii besi kavu ya boksi, haitaki ampi haitaki stima. Nimeweka elfu thelathini. Ninunue hio ama niende moja kwa moja kwa besi ya stima? Na dukani niangalie nini, manake nikiingia wataniona mgeni waniuzie ubao.
Wa Shifti, Majengo

Waaleikum salaam kaka. Nianze na lile ambalo dukani hawakwambii: besi kavu bila ampi waisikia wewe na aliekaa ubavuni mwako, basi. Akija mtu na gitaa la kawaida akaanza kuchapa kodi, zile noti kadhaa zikilia pamoja, ushapotea, na akija mwenye ngoma bora uweke chini uombe kayamba. Si kwamba ni mbovu, ndio maumbile yake. Ule uzi mnene kuliko zote, uitwao E, watetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi la sauti hio likiwa hewani lina urefu wa mita nane na kitu. Sauti nzito hivyo yataka kisanduku kikubwa cha kusukuma hewa, na boksi la besi kavu limezidi la gitaa la kawaida kidogo tu, kwa hio ni kama kulitaka chapuo lilie msondo. Zile orkestra za taarab za Unguja zilikua na lile besi la kusimama lenye kimo cha mtu, ndio likasikika bila waya. Mexico kwenye bendi za mariachi wana guitarrón, gitaa lenye tumbo kubwa, na Ernie Ball wa Marekani ndio akachukua wazo huko mwaka 1972 akatoa besi kavu ya Earthwood, nayo ilikua nene kweli kweli. Nyingi za leo zimepunguzwa tumbo ili mtu aweze kuzikumbatia, na sauti ikapungua nayo.

Sasa mtu mwengine ningemwambia achana nayo. Wewe naona mambo ni kinyume, manake shida yako si sauti kubwa, shida yako ni jirani amelala na wewe ndio kwanza umetoka kazini. Besi kavu iko pale ukutani, waichukua wapiga, hujatafuta waya, hujawasha kitu, na stima ikipotea waendelea gizani. Kwa anaeanza hilo si jambo dogo, manake wengi huacha kwa sababu kila wakitaka kupiga kuna maandalizi ya robo saa, na mtu wa shifti robo saa hio huilalia.

Lakini ya stima pia yaweza kua kimya, wengi hawajui. Kuna viampi vidogo vya kuchomeka kwenye gitaa lenyewe, watia hedifoni, dunia nzima haikusikii na wewe wasikia besi vile inavyotakiwa kulia. Tena kwa kawaida besi ya stima ya kuanzia huwa rahisi kuliko besi kavu ya ubora huo huo na ziko nyingi zaidi madukani, hata za mkono wa pili. Kwa hio ikiwa moyoni mwako wataka ndani ya mwaka ukapande jukwaani na bendi, chukua ya stima na usitazame nyuma. Ikiwa wataka kujifunza pole pole nyumbani na siku mojamoja kukaa barazani na wenzio wawili watatu, chukua kavu, ila iwe na pikapu ndani. Hapo nakaza. Pikapu yake ni kipande chembamba kimelala chini ya ule mfupa wa bridji, pale nyuzi zinaposhikwa tumboni mwa gitaa, chashika mtetemo, halafu ubavuni kuna kiboksi cha vitufe vya sauti chenye betri ya volti 9, mara nyingi na tyuna, kile cha kupimia noti, humo humo. Isiyo na hicho ni rahisi, najua, lakini siku ya kwanza kualikwa popote utaona kwa nini ilikua rahisi, na kuongezewa na fundi baadae ni gharama juu ya gharama.

Dukani usikubali kuuziwa imetundikwa. Iteremshe, itiune kwa apu ya simu, E A D G kutoka uzi mnene kuja mwembamba. Halafu fanya kazi ya kuchosha ambayo muuzaji hataipenda: bonyeza kila freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo na nafasi zake) ya kila uzi, moja moja, usikize. Mahali uzi unavuma kama nzi kaingia kwenye kopo, hapo pana tatizo, ama freti imesimama zaidi ya wenzake ama shingo imepinda vibaya. Kuvuma freti moja yawezekana kurekebishwa, kuvuma shingo nzima usiingie. Angalia pia nyuzi zimepaa kiasi gani juu ya freti ya 12. Kama milimita 3 hivi kwenye uzi wa E ni sawa, ikifika 5 vidole vyako vitakulaani na utafikiri huna kipaji kumbe ni gitaa. Na hapo hapo freti ya 12, gusa uzi juu ya chuma cha freti bila kuubonyeza, ukwanyue, utatoa sauti nyembamba kama kengele, halafu ubonyeze kawaida ukwanyue tena. Tyuna itaje noti ile ile na sindano isimame pale pale. Ikiwa zimeachana sana hio besi itakua inaghani hovyo kila ukipanda juu ya shingo, hata ukiitiuni asubuhi na jioni.

Kisha igeuze ubavu dhidi ya mwanga uangalie bridji. Nyuzi za besi zavuta kwa nguvu sana na boksi ni la mbao nyembamba, kwa hio zile za bei ya chini hua zafura tumbo nyuma ya bridji ama bridji yenyewe yaanza kubanduka, ukiweza kupenyeza karatasi chini yake rudisha ukutani. Fungua pale pa betri uone kama haijavuja. Mwisho omba waya na ampi, yoyote waliyonayo, piga nyuzi zote nne kwa nguvu sawa, wakati mwengine pikapu haikukaa vizuri na uzi wa G unanong'ona wakati E unapiga kelele.

Jina la kampuni lisikutie wazimu. Ibanez na Fender zote zina besi kavu za kuanzia na ni kazi ya heshima, lakini mbili za kampuni moja zilizotoka kiwanda kimoja zaweza kutofautiana, ile uliyoshika ndio unayonunua. Na elfu thelathini usiimalize yote kwenye gitaa, acha ya begi, mkanda na seti moja ya nyuzi, manake nyuzi za besi si za bei ya gitaa la kawaida, utashtuka.

*

Fundi hujambo. Mimi ni mama wa watoto watatu, mshona nguo huku Likoni. Kanisani kwetu aliekua anapiga besi amehamia Nairobi na pasta akauliza nani atajifunza, mkono wangu ukainuka wenyewe. Shida yangu vidole vifupi. Nilijaribu ya yule kijana nikashindwa kufika freti ya kwanza na ya nne pamoja, na mmoja akasema mbele ya watu kwamba besi ni ya wanaume. Nina miaka 43, nimechelewa?
Mama wa Cherehani, Likoni

Sijambo mama. Huyo wa mbele ya watu tumalizane nae kwanza: Carol Kaye, mwanamke wa Marekani aliezaliwa 1935, alishika besi miaka ya 60 akiwa tayari na watoto, na ni katika wapiga besi waliorekodi zaidi studio za Los Angeles. Mikanda ya redio ya enzi hizo imejaa vidole vyake na wengi walioisikiza hawakujua ni mwanamke.

Sasa vidole. Chukua ile tepu yako ya nguo, uende nayo dukani, upime kutoka ule mfupa wa juu shingoni nyuzi zinapoanzia mpaka mfupa wa bridji. Besi za kawaida za stima ni inchi 34. Besi kavu nyingi ziko 32 au 34. Kuna za shingo fupi za inchi 30, na hizo inchi nne zilizopungua kwa mkono kama wako ni tofauti ya kupiga na kutopiga. Taylor wana moja kavu ndogo, GS Mini, ya inchi 23 na nusu, hio ni fupi hata kuliko gitaa la kawaida, nzuri sana lakini bei yake ni ya kukaa chini kwanza unywe maji. Na kuna ukulele besi, kigitaa kidogo cha besi, kama inchi 20 hivi, nyuzi zake nene laini kama mpira, ukiichomeka kwa ampi watu hugeuka kutafuta besi kubwa iko wapi. Kasoro ni kua nyuzi zake ni za aina yake peke yake, ikikatika moja Jumamosi usiku Jumapili hupigi, kwa hio ukiichukua nunua na za akiba.

Ningekua mie ni wewe ningetafuta ya inchi 30 au 32, iwe kavu ama stima vyovyote, alimradi yachomekwa, manake kanisani bila kuchomeka ni kujisumbua. Ikiwa kavu, usisimame mbele ya spika, boksi lake litaanza kunguruma lenyewe. Simama kando, na kile kifuniko cha mpira cha kuziba tundu la boksi chasaidia. Waya uende kwenye mikisa ya kanisa ama ampi ya besi, hata ya kinanda yafaa. Ampi ndogo ya gitaa usiifungulie sauti, besi itaitoboa spika na watasema ni wewe.

Halafu huyo kijana alikuonyesha vibaya, si kosa lako. Freti za mwanzo ni pana, hazifanyiwi kidole kimoja freti moja hata na watu wakubwa. Tumia cha shahada freti ya kwanza, cha kati ya pili, na kidole kidogo ya tatu, cha pete kikikaa pamoja na kidogo kukisukuma. Ya nne ukiitaka wasogeza mkono mzima, hukunjui kiganja. Wapiga besi la kusimama wamefanya hivyo miaka na miaka. Dole gumba liwe nyuma ya shingo katikati, lisichomoze juu, na mkanda uvae hata ukiwa umekaa. Kifundo cha mkono kikiuma simama, usijilazimishe, kazi yako yategemea mkono huo huo.

Miaka 43 hujachelewa. Nyimbo za kanisani nyingi ni kodi tatu nne, na wewe mtu wa cherehani mguu wako ushazoea kutunza mwendo.

*

Niaje fundi. Mi besi kavu niko nayo tayari, anko alinipa akienda Oman. Noma iko kwa kujifunza. YouTube video ni elfu, naanza hii narukia ile, miezi imeenda na sijui wimbo hata mmoja mzima. Msee mmoja ananishow lazima nisome noti, mwingine anasema tabo zatosha, mwingine anasema skiza tu. Na kitabu cha besi kavu sipati, vyote ni vya besi ya stima. Ndoto yangu ni chakacha na bango, midundo ya kwetu pwani, si rock.
Kijana wa Kisauni

Mambo kijana. Kitabu cha besi kavu usikitafute tena, hukihitaji. Nyuzi ni zile zile, E A D G, freti zile zile, noti ziko pale pale, kitabu cha besi ya stima chafaa asilimia mia, tofauti ni kwamba kurasa za kuonyesha ampi na vifungo utaziruka. Chukua kimoja tu. Hal Leonard Bass Method, kilichoandikwa na Ed Friedland, ni kizuri kwa mtu anaejifunza peke yake, chaanza chini kabisa. Ukiwa huna pesa ingia StudyBass ya Andrew Pouska, masomo ya mwanzo ni bure na yamepangwa kwa zamu, la pili halikuji kabla ya la kwanza. Hilo la zamu ndio dawa yako. Video si mbaya, wewe umekosa mpango, leo wajifunza kuchapa kwa dole gumba kesho skeli kesho kutwa mtu akuonyeshe ampi ya laki tatu. Shika kimoja mpaka mwisho, YouTube iwe ya kuangalia kile ambacho kitabu hakikueleweka.

Noti ama tabo? Tabo, ile mistari minne yenye namba, yakwambia uweke kidole wapi lakini nyingi hazikwambii ukae hapo muda gani, na besi ni muda. Kwa hio tumia tabo sasa hivi usijinyime raha, na noti jifunze pole pole pembeni, ufunguo wa besi (ile alama ya kusomea noti za chini) peke yake, dakika tano tano. Huku kwetu utakaa na bendi miaka bila mtu kukuwekea karatasi mbele, wanakwambia tu wimbo uko C twende. Lakini siku ukipata kazi ya hoteli na mwimbaji mgeni akaja na mafaili, alieweza kusoma ndie atakaebaki.

Ile ya skiza tu pia ni kweli ila si kwa spika ya simu. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti nzito ya chini, hio besi unayofikiri waisikia kwa simu ni vivuli vyake. Vaa hedifoni. Halafu kwenye YouTube punguza mwendo uweke 0.75, sauti haishuki, mwendo tu ndio unapungua. Usianze kunakili kila noti, tafuta mzizi wa kodi kwanza, ile noti inayoipa kodi jina, imba kwa mdomo mpaka ukae, ndio utafute kwenye shingo. Kisichoimbika kwa mdomo hakitapigika kwa kidole.

Nakupa kazi ya mwezi. C iko freti ya 3 kwenye uzi wa A. F iko freti ya 3 ya uzi wa D. G iko freti ya 3 ya uzi wa E. Zote freti moja, waona, hata hukimbii. Piga C mara nne, F mara nne, G mara nne, rudi C, na metronomu, ile ya kuhesabu mapigo, kwa 60 kwa dakika, vidole viwili vya mkono wa kulia vipokezane, cha shahada na cha kati, kila mara, usikubali kimoja kiwe mvivu. Ikikaa ongeza ya tano: kutoka mzizi panda uzi mmoja kwenda mwembamba na freti mbili mbele. Oktavo, noti ile ile ikilia juu zaidi, ni nyuzi mbili kwenda mwembamba na freti mbili mbele, kwa F haiko, nyuzi zimekuishia, kwa hio F nyengine ichukue freti ya 1 ya uzi wa E. Mzizi, ya tano na oktavo, watu wamelea familia kwa noti hizo tatu.

Kisha mkono wa kushoto una kazi yake ambayo video nyingi hazitaji, kuzima. Noti ikiisha inua kidole kidogo tu bila kuuachia uzi, sauti ikatike. Besi isiozimwa ni tope, kila noti yaingia kwenye ya mwenzake, na mpiga ngoma atakuchukia bila kujua kwa nini.

Chakacha sasa. Vitabu hivyo vyote vitakufundisha kuhesabu nne, chakacha yahesabiwa sita. Keti bila gitaa, hesabu 1 mpaka 6 kwa mdomo bila kusimama, piga mguu kwenye 1 na 4. Ukishazoea, mguu uendelee na mikono ipige makofi kwenye 1, 3 na 5. Mwanzo utachanganyikiwa, mguu utaukimbilia mkono, usijali endelea tu hata ukiwa kwenye matatu watu wakikutazama. Siku mguu na mikono zikiachana kila mmoja na njia yake, hapo ndipo kiuno cha chakacha kinapotoka, na besi yaweza kukaa na mguu ama kukaa na makofi ama kuruka baina yao. Bango iko mwendo mwengine, tulivu zaidi, saksafoni ndio yaongea na besi inaitembezea njia, usiijaze noti.

Na haya hayako kitabuni, manake hakuna alieyaandika vizuri. Bendi za hoteli kuanzia Bamburi mpaka Shanzu hufanya mazoezi mchana na wazee wake wengi si wachoyo. Nenda na salamu, nenda na soda, usiende na gitaa siku ya kwanza. Kaa karibu na mpiga besi utazame mkono wake wa kulia, kila mtu huutazama wa kushoto. Ukiulizwa wewe nani sema wajifunza, na ukiambiwa beba ampi, beba.

Ukiweza mpate mwenzio wa ngoma ama hata wa kayamba, Kisauni hawakosekani. Dakika ishirini kila siku na mtu mwengine mara moja kwa wiki, itakufikisha mbali kuliko Jumapili nzima ya peke yako.

*

Fundi, mie naishi Nyali karibu na bahari. Nyuzi za besi yangu kavu zimeshika kutu na hata mwaka haujafika, na sasa nyuzi zimepaa, vidole vyauma kuliko nilipoanza. Nimeuziwa mbovu?
Msomaji, Nyali

La, hujauziwa mbovu, umekaa pwani. Gitaa la mbao hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 mpaka 55 na Mombasa twaishi juu ya hapo karibu mwaka mzima, masika ndio usiseme. Mbao yanywa unyevu, tumbo lafura, bridji yapanda, nyuzi zapaa nayo. Uso wa mbao nzima ndio huathirika zaidi, ule wa mbao za kugandishwa tabaka tabaka hustahimili, na ndio maana huku kwetu la bei ndogo wakati mwengine ladumu vizuri kuliko la bei kubwa. Likae ndani ya begi na vile vipakiti vidogo vya kunyonya maji vinavyokuja na viatu, usivitupe tena. Usilining'inize ukutani kwa upande wa dirisha la bahari. Na kwenye buti ya gari lililoegeshwa juani usiliache hata ukienda kununua mkate, gundi yalainika na bridji yaondoka.

Kupaa kwa nyuzi mpelekee fundi aangalie kile chuma cha ndani ya shingo na kupunguza mfupa wa bridji. Chuma hicho usikizungushe mwenyewe kwa kuona video moja, kikipita kiasi shingo imekwenda.

Nyuzi zenyewe, ukimaliza kupiga zipanguse, kila uzi, juu na chini, kipande cha leso kuukuu chatosha, jasho lako na chumvi ya hewa ndio kutu. Na ukibadilisha jaribu zile zilizozungushiwa nailoni nyeusi juu ya chuma. Vidole vitashukuru, kutu haipati pa kushika kwa urahisi, na pikapu ya chini ya bridji haijali nyuzi ni za nini manake yashika mtetemo, si sumaku. Sauti yake ni ya mviringo, yakaribia lile besi la kusimama, kwa taarab mie naipenda kuliko za shaba. Ila mkazo wake si sawa na wa zile za zamani, kwa hio mpe fundi nyuzi mpya na gitaa pamoja aliseti mara moja, usilipe mara mbili.

*

Fundi swali fupi. Nina gitaa la kawaida la boksi la nyuzi sita. Naweza kutia nyuzi nne za besi nikalifanya besi?
Mchoyo wa Changamwe

Hapana ndugu yangu, vigingi vyake havina tundu la kupitisha uzi mnene hivyo, mfupa wa juu utataka kuchongwa, na ukifaulu kulazimisha bridji itang'oka. Tena shingo yenyewe ni fupi, inchi 25 hivi, uzi wa besi hapo utalegea kama kamba ya nguo. Lakini uchoyo wako una faida. Nyuzi nne nene za hilo gitaa, ukiacha mbili nyembamba za chini, ni E A D G, noti zile zile za besi oktavo moja juu. Zile kazi za C F G nilizompa kijana wa Kisauni zifanye hapo hapo kuanzia leo, kwa vidole viwili, usitumie piki (kile kipande cha kukwanyulia), mpaka pesa ya besi itimie. Freti zitakua pana zaidi ukihamia na nyuzi nene, wiki moja mbili mkono utazoea.